Hujafunga ndoa na mama wa mtoto na unataka kukaa na mwanao: njia zilizopo kwa sheria ya Tanzania Bara

Karani Mstaafu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki humu bila jamaa kuja analia kwamba mzazi mwenzake kamnyima mtoto, na majibu anayopewa ni yale yale. Subiri afike miaka saba umchukue. Kapime vinasaba (DNA) kwanza. Kata hela uone kama hatamleta mwenyewe. Mimi nimekula chumvi kwenye masijala ya mahakama, mafaili ya watoto yamepita mikononi mwangu, na huo ushauri wa kukata hela umewakosesha wanaume watoto wao kuliko wakili yeyote wa upande wa pili. Ndiyo maana leo nashusha uzi. Sina uwakili, na nazungumzia Bara tu. Zanzibar wana Sheria yao ya Watoto ya 2011 na wana Mahakama ya Kadhi, wenyeji wa huko watatusaidia.

Sheria ya kushika ni Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009. Vifungu nitavitaja kwa namba zilivyokuwa sheria ilipopitishwa. Kama unayo sheria iliyorekebishwa na namba zimehama, fuata kichwa cha kifungu.

Kifungu cha 37 kinampa mzazi, mlezi au ndugu anayemlea mtoto haki ya kuomba mahakamani amri ya kukaa naye. Hakuna mahali kinapodai cheti cha ndoa. Kwa hiyo yule anayekwambia "hukuoa, huna haki" anakudanganya, iwe ni baba mkwe mtarajiwa aliyekukataa au ni rafiki yako kijiweni. Ila neno la kwanza pale ni mzazi, na hapo ndipo wengi wetu tunakwama kabla hata ya kuanza. Aliyeoa, ndoa yake inamsemea. Wewe unatakiwa uonyeshe.

Kifungu cha 35 kinataja vitu ambavyo mahakama inavipokea kama ushahidi wa uzazi: ndoa, jina lako kwenye daftari la vizazi, sherehe ya kimila uliyoifanya kama baba, kumtambua mtoto hadharani, na majibu ya vinasaba. Tazama vinasaba vimekaa wapi kwenye orodha. Mwanaume ambaye jina lake lipo kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, aliyempeleka mtoto kwao akatambulishwa kwa bibi na babu, ambaye jina lake limeandikwa kwenye kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo, hana sababu ya kukimbilia maabara. Vinasaba ni vya pale uzazi wenyewe unapobishaniwa. Na kama unabishaniwa, kabla ya kuomba kukaa na mtoto unaomba mahakama ithibitishe kwanza kwamba wewe ni baba. Kifungu cha 34 kinaruhusu ombi hilo hata mtoto akiwa bado tumboni.

Hapo hapo niseme kitu ambacho hakiwahusu nyie tu. Kifungu hicho hicho kinaruhusu uzazi kuthibitishwa ndani ya miaka 3 baada ya baba kufariki. Maana yake usipoweka mambo sawa ungali hai, mwanao ndiye atakayepelekwa mahakamani kushindana na baba zake wadogo kuhusu kiwanja chako. Nendeni mkaandikishe watoto.

Sasa tukubali umeshathibitika kuwa baba. Hakimu anatazama nini? Kifungu cha 39, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kinaanza na maslahi ya mtoto pamoja na umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake. Limeandikwa kabisa. Kisha yanakuja mengine: umri na jinsia yake, maoni yake mwenyewe ikiwa ameyatoa bila kulishwa maneno, kutowatenganisha ndugu, na malezi yake yasikatwekatwe. Hili la mwisho wanaume hawalioni. Mtoto aliyezoea nyumba fulani, shule fulani, na mtu fulani anayemwamsha asubuhi, hakimu hamng'oi hapo kwa sababu tu wewe umepanga nyumba yenye vigae.

Na hakimu hakai akakisia. Kifungu cha 45 kinamwezesha kumwagiza afisa ustawi wa jamii afanye uchunguzi na kumwandikia ripoti. Hiyo ripoti ndiyo kesi yenyewe, nawaambia. Afisa anakuja kwako, anaangalia mtoto atalala wapi, anauliza nani atakuwa naye ukiwa kazini, anazungumza na jirani. Nakumbuka ripoti moja iliyosomwa, baba alikuwa na gari na kazi ya kueleweka. Afisa alimuuliza mwalimu wa darasa wa mwanao anaitwa nani, baba akataja jina la shule. Akaulizwa mtoto ana mzio wa chakula gani, akasema hana. Kumbe alikuwa nao, na mama alikuwa na karatasi ya hospitali. Baba yule hakuwa mtu mbaya, ila alikuja mahakamani kudai kilicho chake, wakati hakimu alikuwa anatafuta mtu wa kukaa na mtoto Jumatatu mpaka Jumapili.

Ndiyo maana ninawaambia msianze na ombi la kukaa naye. Kuna kifungu cha 38, cha kuomba kumwona na kuwa naye kwa nyakati maalumu: wikiendi, nusu ya likizo, sikukuu. Wanaume wanakidharau wakidhani ni kushindwa nusu. Mimi nimeona aliyepewa wikiendi, akazitumia zote bila kukosa, akawa ndiye anayempeleka mtoto kliniki, na mambo yalipobadilika upande wa mama, ombi lake la kukaa na mtoto lilikuwa na ushahidi ambao hakuna wakili angeweza kumtengenezea.

Karibuni kwa maswali.

Mjumbe wa Nyumba Kumi

Nimeweka kambi hapa. Mzee, mimi wangu ana miaka nane kasoro miezi. Si ndiyo wangu moja kwa moja sasa?

Karani Mstaafu

Hapana mkuu. Hiyo miaka saba imetoka kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125(3). Inasema mtoto wa chini ya miaka saba anadhaniwa kuwa ni heri akae na mama yake, na hata hiyo dhana inaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi popote kwamba akivuka saba anahamia kwa baba. Akivuka, dhana inaondoka, mnabaki nyote wawili mbele ya hakimu na maslahi ya mtoto. Halafu mtoto wa miaka nane ana mdomo. Ataulizwa.

Simba wa Nyika

Mbona mnazunguka sana wakuu? Ijumaa unatangulia getini shuleni, unamchukua mtoto, mnapanda basi kwenda kwa bibi yake mzaa baba. Akitaka aje yeye mahakamani.

Karani Mstaafu

Atakuja, na atakuja na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Kifungu cha 40 kinakataza kumwondoa mtoto kwa mtu anayemlea kihalali. Kwenye ripoti ya ustawi litaandikwa hivi: mtoto alichukuliwa shuleni bila mama kujua, akakosa masomo. Baada ya hapo hata zile wikiendi utazipata chini ya uangalizi. Mkuu, ushauri huu ubaki nao mwenyewe.

Mama Wawili

Haya, mimi ni mwanamke na ninasoma uzi mzima bila kukasirika, lakini naomba niseme. Wengi wenu mnakumbuka kudai mtoto siku mnapopelekewa wito wa matunzo. Miaka mitatu hajui mtoto anavaa kiatu namba ngapi. Nikienda Ustawi kudai ada, ghafla ana uchungu wa baba, "basi niletee mtoto nimlee mwenyewe." Kisha anampeleka kijijini kwa mama yake na yeye anarudi mjini. Huyo mlezi ni nani hapo?

Karani Mstaafu

Dada yangu, hilo ni kweli na maafisa wanalijua. Ndiyo swali la kwanza wanalouliza: ombi hili limekuja kabla au baada ya madai ya matunzo? Kwa wanaume: matunzo na kumwona mtoto ni vitu viwili mbalimbali. Kunyimwa kumwona hakukufutii wajibu wa kumtunza, na yeye hawezi kukufungia mlango kwa sababu mwezi huu umechelewesha. Ukikata hela ili umkomoe mama, unajiandikia ushahidi dhidi yako mwenyewe. Endelea kutuma, tuma kwa simu ili ujumbe ubaki, na kwenye ada lipa benki kwa jina la mtoto uchukue risiti. Ukimpa mkononi, mwandikishiane.

Na hilo la kumpeleka kwa bibi, jibu linakuja chini, maana naona kuna mtu ameniandikia pembeni nikamwomba alete hapa hapa wengine wafaidike.

Fundi Bati

Ni mimi mzee. Mwanangu wa kike ana miaka 6. Mimi niko Gongo la Mboto. Mama yake tulikaa bila ndoa, tukaachana kwa amani tu, mwaka juzi akapata kazi za ndani Muscat, mtoto akamwacha kwa mama yake Singida. Mimi natuma hela kwa bibi kila mwezi. Nilipoenda kumwona sikukuu, wajomba wakaniweka kikao. Wanasema mtoto simdai kwa sababu sikumkomboa, nilipe kwanza ng'ombe na faini ya mimba. Mama yake nikimpigia anasema "ongea na wazee." Nimechanganyikiwa. Cheti cha kuzaliwa kina jina langu.

Karani Mstaafu

Mkuu Fundi, kesi yako ndiyo ninayoiona nyingi siku hizi, kwa hiyo nitaijibu kwa urefu.

Kwanza la wajomba. Hawakulitoa hewani. Sheria za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 279, zilimweka mtoto wa nje ya ndoa upande wa mama, na baba aliweza kumhalalisha kwa kumwoa mama, au kwa kulipa shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Kwa hiyo wazee wako wana msingi wa kimila, bei ndiyo imepanda. Lakini Mahakama ya Mtoto, ambayo ndiyo inayosikiliza maombi haya, haiendeshwi na kikao cha wajomba. Kipimo chake ni maslahi ya mtoto, na jina lako lipo kwenye cheti. Kutolipa hakukuondolei uzazi wako. Ila usiwatukane. Ukiwa na uwezo wa kufanya sherehe ndogo ya kimila, ifanye. Kifungu cha 35 kinaihesabu kuwa ushahidi, na inakupunguzia maadui. Ukilipa, andikianeni kuwa ni ya kumtambua mtoto, na wazee wa pande zote waweke dole.

La pili ni gumu zaidi. Wewe unadhani unashindana na mama. Kwa jinsi ulivyoeleza, mshindani wako ni bibi. Soma tena kifungu cha 37: mzazi, mlezi, au ndugu anayemlea mtoto. Bibi ndiye anayemwogesha, ndiye anayempeleka shule, na akitaka anaweza kuomba amri hiyo mwenyewe. Upande wako una neno zito: kifungu cha 39 kinasema ni vyema mtoto awe na wazazi wake, isipokuwa kama haki zake zinavunjwa kwao mfululizo. Mama yuko ng'ambo, wewe upo nchini, unafanya kazi, umekuwa ukitunza. Upande wa bibi kuna kutomkatakata malezi. Hakimu anaweka vyote mezani.

Kwa hiyo swali la Mama Wawili linakurudia wewe. Mtoto wa kike wa miaka 6 akija Gongo la Mboto, wewe ukiwa juu ya paa la watu tangu saa moja asubuhi, nani yuko nyumbani? Kama jibu ni "nitatafuta dada wa kazi," bado hujawa tayari. Kama una mke sasa, afisa atataka kuzungumza naye peke yake, bila wewe kukaa pale. Kama ni dada yako wa damu mnaishi jirani, aje aseme mwenyewe. Chumba chako kikiwa kimoja, pazia katikati si aibu, nimeona wamepewa watu wa chumba na sebule. Kilichoangaliwa ni kama mambo yamepangwa.

Na muda mliokaa wote wawili ulikuwa kiasi gani? Kama mliishi pamoja miaka 2 au zaidi na majirani wakiwajua kama mke na mume, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinaweza kuwadhania mmeoana, na mahakama inaweza kutoa amri kuhusu watoto kupitia mlango huo pia. Kwako wewe sioni haja, cheti kinatosha. Naitaja kwa wengine.

Jirani wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo yalibadilika na Katiba ya 2010. Ibara ya 53(1)(e) inampa mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi, na inasema jukumu ni sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au la. Na zamani jina la baba asiyeoa lilikuwa haliingii kwenye cheti mpaka waombe wote wawili. Mahakama Kuu ilikitangaza kile kifungu cha 12 cha sheria ya vizazi kuwa kinapingana na Katiba mwaka 2016. Lakini hata huku, mtoto mdogo mara nyingi hubaki kwa mama, na baba hupewa siku zake. Katiba haikubebei mtoto mgongoni.

Karani Mstaafu

Asante jirani. Hilo la mwisho nimelipenda.

Kijana wa Makoroboi

Mzee mimi nina wasiwasi mtoto si wangu. Nataka kumpeleka kimya kimya kwa Mkemia Mkuu siku nikiwa naye. Inawezekana?

Karani Mstaafu

Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali haimpokei mtu aliyeamka akaja na mtoto mlangoni. Maombi yanapitia mamlaka, kwa mfano mahakama au ofisi ya ustawi, na kwenye shauri la uzazi unaobishaniwa ni mahakama inayoamuru nani atoe sampuli. Kuchukuliwa kwenyewe si shida, ni kupangusa ndani ya shavu tu. Shida ni unachofanya na majibu. Huwezi kuomba kukaa na mtoto huku kwenye faili jingine unakana kuwa ni wako. Chagua kwanza unataka nini, kijana.

Mama Wawili

Na akikuta ni wake? Mtoto ana miaka mingapi, ameshasikia hayo maneno ya "si wangu" mara ngapi? Samahani, endeleeni.

Mjumbe wa Nyumba Kumi

Kuhusu hiyo Mahakama ya Mtoto, nasikia ipo Kisutu tu. Sisi wa mikoani tunaenda wapi?

Karani Mstaafu

Hapana. Sheria inamruhusu Jaji Mkuu kuteua majengo ya mahakama za mwanzo yatumike kama Mahakama ya Mtoto, na anayesikiliza ni hakimu mkazi. Ukifika mahakama ya wilaya yako uliza masijala, watakuelekeza. Taratibu zake zipo kwenye kanuni za 2016, Tangazo la Serikali Na. 182. Usiogope. Shauri linasikilizwa faragha, hakuna watu wa kukaa kwenye mabenchi kusikiliza, na afisa ustawi anakuwepo. Unapeleka maombi pamoja na kiapo chako, yaani maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia. Kiapo kisiwe cha kumtukana mama wa mtoto. Nimeona viapo vya kurasa nne, tatu na nusu zinaeleza tabia ya mwanamke, na mtoto ametajwa kwenye aya ya mwisho. Kama huna hela ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, wapo kwenye wilaya nyingi, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pia wanapokea watu. Kuna ofisi moja, siitaji, karani wake alikuwa anauza fomu chini ya meza. Ukiombwa hela omba risiti, utaona anavyokumbuka kwamba ni bure.

Fundi Bati

Mzee nimesoma mara mbili. Nimeongea na dada yangu, tunakaa nyumba moja, yeye anashona hapo hapo nyumbani, amekubali. Jumatatu nataka niende Ustawi. Niende hapa Ilala au Singida? Na nibebe nini?

Karani Mstaafu

Anza Singida, mtoto alipo. Afisa wa huko ndiye atakayemwita bibi na ndiye atakayemwona mtoto. Ukienda Ilala watakuandikia barua tu uende nayo huko huko.

Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako cha taifa, na barua ya serikali ya mtaa ya mahali unapoishi. Zile meseji za kutuma hela zichapishe kwenye karatasi kwa mpangilio wa tarehe, usimpe afisa simu apekue. Kama ulishawahi kulipia hospitali au sare, beba risiti. Namba ya simu ya dada yako. Usiende na madai ya kuondoka na mtoto siku hiyo. Omba kikao cha usuluhishi, na kwenye kikao omba likizo ya Desemba awe kwako, akirudi aendelee na shule yake Singida. Wakikubali, yaandikwe na msaini mbele ya afisa, kisha yapelekwe mahakamani yawe amri, maana karatasi ya kikao peke yake wajomba wanaweza kuikunja. Mama yake huko Muscat aombwe atoe maoni kwa simu au kwa maandishi. Akisema hadharani kwamba hana pingamizi, bibi anabaki na hoja ndogo sana. Likizo ikienda vizuri, mwakani utakuwa na kitu cha kuandika kwenye kiapo.

Mama Wawili

Na umpigie bibi simu kabla hajaletewa wito. Amekulelea mtoto miaka miwili. Asisikie kutoka kwa mtendaji wa kijiji kwamba umemshitaki.

Fundi Bati

Nampigia leo jioni dada, akishatoka shamba.